Kichaka cha Majani ya Rangi Mbili: Kipi Kinafaa Boma Lenye Mbuzi?



Tunapotembelea vikundi mjini Garissa na katika vijiji vya kando ya Mto Tana, swali moja limekuwa likirudi kila mara: "Yale maua yenye majani ya rangi mbili, kijani na nyeupe, tukiyapanda kwetu yatakubali?" Wengine wameyaona Mombasa, wengine mlangoni mwa hoteli, wengine mbele ya ofisi. Na wako wanaouliza kwa ajili ya biashara. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, mji wa Garissa umejengwa sana, na kila mwenye jengo jipya anataka kijani kidogo mlangoni. Kikundi chenye kitalu cha miche, au nasari kama wengi tunavyosema, kinaona riziki hapo.

Jibu letu ni kwamba yatakubali. Vipo vichaka vya namna hiyo vinavyobaki na majani mwaka mzima hata katika joto letu. Lakini mambo mawili lazima yajadiliwe kwenye kikao kabla pesa ya kikundi haijatoka kwa mweka hazina. La kwanza, vichaka hivi si jamii moja. Ni mimea mbalimbali inayofanana kwa rangi tu, na mingine ni sumu kali, nasi huku tunaishi na mbuzi mpaka mlangoni. La pili ni maji. Mtu anayenunua maji ya mkokoteni wa punda hawezi kushauriwa kama mtu wa Limuru ambaye mvua inamnyeshea bure.

Mwenye sumu ajulikane kwanza

Tunaanza na ubaya kwa makusudi. Kichaka kikifa umepoteza mche. Mbuzi wa maziwa akifa, watoto wamepoteza chai yao ya asubuhi.

Mmea wa kuogopa kuliko yote huitwa olianda. Asili yake ni nchi za kandokando ya Bahari ya Mediterania, na umesambazwa dunia nzima kwa sababu haujali jua, ukame wala udongo wenye chumvi. Yaani zile sifa tunazozitafuta Garissa ndizo zake! Kwa hivyo muuzaji atakusifia bila kusema uongo hata kidogo, ila hatakwambia lile lililobaki.

Utautambua hivi. Majani yake ni marefu na membamba, magumu kama ngozi, yamechongoka kama kisu, na mara nyingi hutoka matatu matatu kuzunguka kijiti kimoja. Maua yake ni ya waridi, meupe au mekundu. Ule wa rangi mbili una majani ya kijani yenye ukingo wa manjano hafifu au mweupe kama maziwa. Ni mzuri sana machoni. Lakini kila sehemu yake ni sumu: jani, ua, kijiti, mzizi, hata maji yaliyoloweka majani yake. Sumu hiyo hushika moyo. Konzi moja ya majani yaweza kumwangusha mbuzi mzima, na ng'ombe na ngamia nao hawasalimiki.

Mbuzi akionja jani bichi mara nyingi huliacha kwa sababu ni chungu. Hatari kubwa iko siku ya kupogoa. Matawi yanakatwa, yanatupwa nyuma ya boma, yananyauka, na mbuzi wenye njaa ya kiangazi wanayafikia. Likinyauka, uchungu hausikiki kama mwanzo, lakini sumu iko palepale, hata jani likikauka kabisa. Katika kikundi kimoja tunachokijua, miche ilinunuliwa mbali, ikapandwa kuzunguka ukumbi, na miaka miwili hakuna lililotokea. Mwaka wa tatu vijana wakapogoa vizuri sana, wakatupa matawi nje ya fensi, na jioni ile akina mama wawili wakapoteza mbuzi wanne. Lawama zilikwenda kwa majirani kwanza, kwamba wameweka sumu, na ilichukua siku kadhaa na wazee kuingilia kati kabla mtu hajayatazama yale matawi.

Mbuzi aliyekula olianda hutoa mate, huhara, hulegea, na moyo wake hupiga ovyo. Mwingine huanguka tu. Mtoeni majani mdomoni, mwekeni kivulini bila kumkimbiza, na aitwe afisa wa mifugo haraka. Tena tunaijua desturi yetu: mnyama akionekana anakwenda, mtu hukimbilia kisu ili nyama isiharibike. Kwa mbuzi wa namna hii hatushauri nyama iliwe, angalau mpaka afisa wa mifugo aseme neno lake.

Na tusiwasahau watoto. Huku kwetu mtoto hukata mswaki popote anapouona mti. Afundishwe mti wa mswaki ni upi. Kijiti cha olianda hakitiwi mdomoni, hakichomewi nyama, hakikorogewi uji, na kuni zake si za jikoni kwa maana hata moshi wake ni mbaya. Kuna binamu yake mwenye maua ya manjano yenye umbo la tarumbeta, amepandwa katika viwanja vingi vya shule na ofisi nchini. Naye ni yaleyale, na mbegu zake ndizo mbaya zaidi.

Wa tatu ni duranta. Huyu hauzwi kwa siri, yuko kila nasari. Majani yake ni madogo, kijani na nyeupe au kijani na manjano, na akiachwa bila kukatwa hutoa vitunda vya rangi ya dhahabu vinavyoning'inia kama shanga. Watoto huvipenda, na vitunda hivyo ni sumu. Ofisi inayompogoa kila mwezi haitaviona, kwa sababu hapati nafasi ya kutoa maua. Lakini nyumbani, ambako makasi yanapatikana Krismasi hadi Krismasi, au Idi hadi Idi, hapana.

Hatusemi haya kwa kuogopa kila kitu kigeni. Mwarobaini nao ni mgeni kutoka upande wa India, na leo Garissa bila mwarobaini ingekuwa tanuri. Lakini tunaukumbuka pia mathenge. Ulipandwa katika nchi kavu za Kenya miaka ya 1970 na 1980, pamoja na kule Bura, na ulisifiwa kwa maneno haya haya: unastahimili ukame, ni kijani mwaka mzima. Baadaye ukafunga njia, ukavamia malisho, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 watu wa Baringo walikwenda mahakamani Nairobi wakiwa na mbuzi aliyepoteza meno, aonekane kwa macho. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu baya. Aliyeuleta hakuwa na nia mbaya. Ila waliopandiwa hawakuulizwa, wala hawakuambiwa yote.

Viwili tunavyovipendekeza

Kwa boma la kawaida la huku, lenye mbuzi, watoto na maji kidogo, sisi tunachagua bogonvilia ya majani ya rangi mbili. Bogonvilia wengi mnaijua kwa rangi yake ya waridi. Kuna aina ambayo jani lenyewe ni la kijani katikati na ukingo mweupe au wa manjano hafifu, hivyo hata isipotoa maua inapendeza. (Kwa kweli ile sehemu ya waridi si ua. Ni jani lililogeuka rangi, na ua ni kile kidogo cheupe kilichojificha katikati.) Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lilitokana na baharia Mfaransa, Bougainville, aliyezunguka dunia kwa merikebu kati ya 1766 na 1769. Inapenda jua, inavumilia kiu, na ikinyweshwa kupita kiasi inatoa majani tu na kusahau maua. Ina miba, kwa hivyo inaweza kuwa fensi. Mbuzi huonja majani yake, tena huyapenda, lakini hafi.

Cha pili ni krotoni, kile chenye majani mapana au marefu yaliyochanganyika kijani, manjano, rangi ya machungwa na nyekundu. Nyumbani kwake ni Malaysia, Indonesia na visiwa vya Pasifiki, na ndiyo maana kinastawi pwani yetu kwenye unyevu. Garissa kinaishi, lakini kinataka kubembelezwa: kivuli cha mchana na maji ya mara kwa mara. Tunakishauri kwa mlango wa nyumba au karibu na mahali pa kunawia, michache tu, si kwa fensi nzima. Utomvu wake huwasha ngozi na kuacha madoa kwenye nguo, na ukitafunwa unachoma mdomo na kuvuruga tumbo. Mbuzi kwa kawaida hukipita. Watoto waambiwe wasikitafune.

Akina mama wengine wametuuliza, je, mhina? Mhina hauna majani ya rangi mbili, lakini huku kwetu hubaki kijani muda mrefu, unapenda joto, na majani yake yana soko kila harusi. Kama nia yenu ni pesa ya kikundi na si pambo, pandeni mhina mingi na bogonvilia michache. Hayo ni maoni yetu, mnaweza kuyapinga kikaoni.

Kwa nini jani la rangi mbili ni dhaifu

Hapa ndipo wengi wanapotea, wanautunza mmea huu kama mmea wa kijani tupu halafu wanasema udongo wa Garissa ni mbaya.

Rangi ya kijani kwenye jani ni jiko la mmea. Hapo ndipo mwanga wa jua, maji na hewa hupikwa kuwa chakula. Sehemu nyeupe haina jiko. Inakula kile kilichopikwa na sehemu ya kijani. Kwa hivyo mmea wa rangi mbili ni kama nyumba ambayo nusu ya watu wanafanya kazi na wote wanakula. Haukui haraka, na msiulazimishe kwa mbolea nyingi. Sehemu nyeupe pia haina kinga nzuri dhidi ya jua kali, na ndiyo ya kwanza kuungua na kuwa ya kahawia kama karatasi iliyokaribia moto. Lakini ukiuweka mmea gizani kabisa, krotoni hupoteza rangi zake na bogonvilia hukataa maua.

Kutokana na hilo kuna jambo moja ambalo mtaliona siku moja na kushangaa. Katikati ya matawi ya rangi mbili litachipuka tawi moja la kijani kitupu, lenye nguvu, refu kuliko mengine. Wengi hufurahi kwamba mmea umepata afya. Hapana. Hilo tawi lina jiko kamili, litakua kwa kasi, litawanyima wenzake, na baada ya miaka michache kichaka chote kitakuwa kijani cha kawaida. Likateni mapema, kule linakotokea kabisa, msiache kisiki. Likitokea tawi jeupe tupu, msilitumie kwa kupanda, kwa sababu likitengwa na mama yake haliwezi kujilisha.

Mahali pa kupanda

Garissa iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, upande wa kusini kidogo. Maana yake jua la Juni hupita upande wa kaskazini wa nyumba yako na jua la Desemba hupita kusini. Ukuta uliokuwa na kivuli mwezi wa sita utachomwa mwezi wa kumi na mbili. Upande mmoja tu haukudanganyi: mashariki. Hapo mmea hupata jua la asubuhi, ambalo halina ubaya, na kuanzia mchana nyumba inaukinga mwaka mzima. Krotoni ipandwe hapo. Bogonvilia inaweza kwenda popote, ila ule wa rangi mbili unashukuru ukipata kivuli cha saa tisa alasiri.

Jihadharini na mabati. Fensi ya mabati mchana ni kama sufuria iliyo motoni, inarudisha joto kwenye majani. Acheni angalau hatua mbili. Chini ya mwarobaini kivuli ni kizuri lakini mizizi yake inakunywa kila tone, kwa hivyo pandeni nje ya ukingo wa matawi yake, upande wa mashariki, mahali ambapo kivuli hufika mchana. Na kuanzia Juni hadi Septemba kuna ule upepo wenye vumbi. Krotoni iliyo wazi kwa upepo huo hupukutisha majani hata kama ina maji.

Maji bila kunyima nyumba

Mvua yetu Garissa, kwa wastani wa miaka mingi, ni kama milimita 300 hivi kwa mwaka, na tuliokuwa hapa kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 tuliona misimu mitano mfululizo ikishindwa. Mbona basi tuzungumze habari za maua? Tunazungumza kwa sababu kuna maji ambayo tayari yamelipiwa na yanamwagika kila siku.

Maji ya udhu ndiyo ya kwanza. Watu wa nyumba moja wakitawadha mara tano kwa siku, si maji kidogo, tena hayana sabuni wala mafuta. Mahali yanapomwagikia panabaki tope na mbu. Chimbeni mfereji mdogo kutoka hapo, uende futi tano au sita hadi kwenye shimo la krotoni. Misikiti yenye mabirika mengi inaweza kulisha kitalu kizima, mkizungumza na kamati yake kwa heshima. Maji ya kuosha mchele na mboga nayo ni mazuri. Maji ya kufulia yanafaa bogonvilia, lakini si yale ya kwanza yenye povu jingi, na yabadilishwe na maji safi mara moja moja.

Maji ya visima virefu sehemu nyingi za Kaskazini Mashariki yana chumvi. Mkiona utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimekauka, ndiyo hiyo chumvi inajikusanya. Kumwagilia kikombe kimoja kila jioni kunaizidisha, kwa sababu maji yanakauka juu na chumvi inabaki. Afadhali nusu jerikani, yaani lita kumi, mara mbili kwa wiki, yashuke chini kabisa. Na mvua ya Gu au Deyr ikija, elekezeni maji ya paa yapite shimoni yaioshe.

Shimo lenyewe liwe futi moja na nusu kwenda chini na upana uo huo. Changanyeni udongo wa juu na samadi ya mbuzi iliyooza, sehemu moja ya samadi kwa mbili za udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mkishapanda, uso wa shimo ubaki chini kidogo ya ardhi kama beseni, si kichuguu kama wanavyofanya watu wa nchi zenye mvua. Juu funikeni kwa mawe madogo. Vitabu husema nyasi kavu, lakini huku nyasi kavu ni karamu ya mchwa. Majani ya mwarobaini yaliyokauka pia yanafaa.

Ukiwa na mtungi wa udongo uliochakaa, ule usiopakwa rangi, ufukie kando ya mche hadi shingoni, uujaze maji na kuufunika. Maji hutoka taratibu kupitia udongo wake na mizizi huyafuata. Hakuna njia ya bei rahisi kuliko hiyo.

Kuzalisha miche

Mbegu haziwezi kuwapa mmea kama mama yake, kwa hivyo tunatumia vipandikizi. Jua la Februari na Machi ni kali mno. Anzeni Julai au Agosti, wakati joto limepungua, ili miche iwe tayari kupandwa mvua ya Deyr ya Oktoba na Novemba, ambayo kwa upande wetu ina uaminifu kuliko ya Aprili.

Kwa bogonvilia chagueni kijiti kilichokomaa nusu, unene wa penseli, urefu wa inchi sita hadi nane, chenye majani ya rangi mbili zilizo wazi. Kateni chini ya kifundo, ondoeni majani ya chini, chomekeni nusu yake kwenye mchanga wa lagha uliooshwa na kuchanganywa na samadi kidogo iliyooza. Msikichomeke kichwa chini, na msicheke, tumeyaona. Mizizi huchukua wiki sita hadi nane. Mizizi hiyo ni laini kama nywele, kwa hivyo siku ya kupanda msiung'oe mche na kuutikisa. Ingizeni na udongo wake wote.

Krotoni hukatwa ncha ya tawi, inchi nne hadi sita. Utomvu utatoka, ngojeni ukauke kidogo, na mnawe mikono kabla ya kujigusa macho. Hii inahitaji unyevu, kwa hivyo kila kipandikizi kivishwe chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, na kifuniko kiondolewe mchana ili kipumue. Kaeni nayo kivulini wiki nne hadi sita. Kwa vyombo vya miche, tumieni madebe na vipande vya jerikani zilizopasuka, vyenye matundu chini.

Mdudu msumbufu wa krotoni wakati wa kiangazi ni yule mdogo mno anayesuka utando mwembamba chini ya majani, jani likawa kama limemwagiwa vumbi. Oshea majani kwa maji upande wa chini, jioni, siku tatu mfululizo. Akizidi, loweka mbegu za mwarobaini zilizotwangwa usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza.

Mwaka wa kwanza kila mche uzungushiwe matawi ya miba, hata bogonvilia, maana mbuzi hajui kwamba miba yake inakuja baadaye.

Kama ni mradi wa kikundi

Vitalu vingi tulivyoviona vikifa havikufa kwa ukame. Vilikufa mwezi wa Ramadhani au wakati wa likizo, siku ambazo kila mtu alidhani mwenzake amemwagilia. Andikeni zamu kwenye daftari, jina na siku, na zamu iwe ya watu wawili. Kiongozi wa zamu aonyeshe daftari kikaoni kama mweka hazina anavyoonyesha lake.

Anzeni na miche michache, tuseme hamsini, muone mingapi inafika siku ya kuuzwa. Hesabuni maji yote mliyonunua, hata yale ya mtu mmoja aliyetoa mfukoni mwake akanyamaza, ndipo mpange bei. Bei ya mche wa rangi mbili lazima iwe juu kuliko wa kijani, kwa sababu unakaa kitaluni muda mrefu zaidi. Mnunuzi akilalamika mwelezeni habari ya lile jiko la jani.

Nasari nyingine zitawapa olianda bure au kwa bei ya chini ili mwanze nayo. Kuna wateja watakaoitaka pia, hoteli na ofisi zenye ukuta na bawabu. Sisi tungependa isiwe kwenye kitalu chenu kabisa. Ikiwa kikundi kimeamua vingine, muulizeni kila mnunuzi kama ana mifugo au majirani wenye mifugo, na mumweleze mahali pa kutupia matawi: shimoni, futi tatu chini, yafukiwe siku hiyo hiyo, si motoni wala nje ya fensi. Wale ambao tayari mnayo kwenye boma, ing'oeni wakati wa mvua udongo ukiwa laini, mkiwa mmevaa glavu au mifuko mikononi, na mizizi yote itoke, kwa sababu kisiki kikiachwa huchipua tena. Mbuzi wafungwe upande mwingine mpaka jani la mwisho liokotwe.